Cheti ni chako, sasa unajishtukia nini?

Kuna watu wakipandishwa cheo wanafurahi, wanachinja kuku, wanalala. Halafu kuna sisi. Sisi tukipokea barua ya cheo tunaisoma upya kuangalia kama jina ni letu kweli, kisha tunaanza kuisubiri siku ambayo wakubwa watagundua kuwa nafasi wamempa mtu asiyejua kitu. Miaka yangu ya ugani wa kilimo huku nyanda za juu kusini nimeitumia zaidi kwenye viazi mviringo, milima ya Uporoto na kwa jirani zetu wa Makete na Njombe. Nimefanya kazi na maafisa wengi, na wale wanaoishi na hofu ya kuumbuka, kwa niliyoyaona, si wavivu wala mbumbumbu. Mara nyingi ndio wanaofika shambani kabla ya mwenye shamba.

Na mimi nimo. Nilisoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, nikafaulu mitihani ileile waliyofanya wenzangu, nikaajiriwa, nikapangiwa kata ya baridi kali ambayo wengi waliikwepa. Baadaye nikapewa kazi ya kuwafundisha maafisa wengine uzalishaji wa mbegu bora za viazi. Kila hatua nilikuwa na maelezo yake tayari. Chuo: mwaka ule walichukua wengi. Ajira: hakuna aliyetaka kwenda kule juu. Ukufunzi: aliyefaa alihamishwa, wakakosa mtu. Ungeniuliza ni kitu gani nilichowahi kukipata kwa kustahili, ningebaki nakutazama.

Hebu yaangalie vizuri maelezo hayo. Yote yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanakunasa. Kweli kata ile haikuwa na wa kuigombania. Lakini hilo linaeleza kwa nini nilipelekwa kule, basi. Halielezi kwa nini wakulima wa pale, ambao walizoea kuuza viazi vikubwa na kupanda vile vidogo vilivyobaki, walianza kuweka vijiti kwenye mashina yenye afya yakiwa bado shambani, ili wachague mbegu hapo. Hiyo kazi ilikuwa na mtu aliyeifanya, kwa matope hadi magotini.

Hofu hii ya kujiona umewadanganya watu iliandikwa mwaka 1978 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, kutokana na mazungumzo yao na wanawake zaidi ya 150: wenye shahada za uzamivu, wataalamu wanaoheshimika kazini, wanafunzi wanaofanya vizuri sana darasani. Vyeti wanavyo, heshima wanayo, na bado wanaamini wamewadanganya watu. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba wanaume nao wamo, tena tele. Wala huu si ugonjwa. Haumo kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Kilichonigusa zaidi katika maelezo yao ni ule mzunguko wenyewe. Mtu anapewa kazi, anaogopa, anajichosha kupita kiasi, kazi inatoka vizuri, anasifiwa. Badala ya kusema "kumbe naweza," anasema "isingekuwa ile hofu ningeaibika." Basi hofu inakuwa kama hirizi: kazi nyingine ikija hathubutu kuianza bila kuivaa.

Nilijiona humo mzimamzima. Kabla ya semina nilikuwa nazipitia slaidi hadi usiku wa manane, slaidi nilizoziandika mwenyewe, kuhusu zao ninalolilima mwenyewe nyuma ya nyumba.

Sisi wa huku tuna nyongeza yetu. Tumelelewa kwamba mtu akikusifia unainamisha macho na kusema "aa, ni Mungu tu," au "nimebahatisha." Ni adabu nzuri na sitaki ife. Mtu anayejitangaza mbele ya wazee huku kwetu hasikilizwi kwa muda mrefu. Shida inaanza pale unapoitoa adabu hiyo barazani ukaingia nayo chumbani, ukajiambia usiku kwa kuamini maneno uliyoyasema mchana kwa heshima. Mimi siku hizi nikisifiwa nasema "ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, naishia hapo. Sentensi iliyokuwa inafuata, ile inayoanza na "ila," naimeza. Mwanzoni nilihisi kama nimemkosea mtu adabu. Hakuna aliyegundua.

Na ule ushauri wa "jiamini, jifanye unajua mpaka ujue kweli," nakuomba uuache. Huyu tayari anaamini amewahadaa watu. Ukimwambia ajifanye zaidi umemwongezea kitu cha kuficha. Kumsifia nako hakumsaidii sana, kwa sababu kila sifa anaipokea huku akisema moyoni, "wangejua." Hisia yenyewe inavumilika, wengi tunazeeka nayo. Hasara iko kwenye yale unayoyafanya ili usijulikane. Huulizi swali kikaoni. Unatikisa kichwa kwa jambo usilolielewa. Unapewa nafasi ya kwenda kusoma, unampisha mwingine. Ripoti imekamilika, unailalia wiki nzima. Na kadiri unavyoficha ndivyo unavyozidi kuwa na jambo la kufichuliwa, hadi ile hofu inapata sababu ambayo mwanzo haikuwa nayo.

Niliyaelewa haya shambani, karibu na Isyonje, pale barabara ya Tukuyu inapotoa njia ya kwenda Kitulo. Mzee mmoja aliniita niangalie viazi vyake. Upande mmoja mashina yalikuwa yamenyauka yakiwa bado ya kijani. Hilo nililijua. Nikaomba glasi ya maji safi, nikakata kipande cha shina karibu na ardhi, nikakishikilia ncha ikiwa ndani ya maji, bila kukitikisa. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe, nyembamba, zikaanza kushuka kutoka kwenye shina kuelekea chini ya glasi. Huo ni mnyauko bakteria. Dawa ya kupulizia ikauponya hakuna. Eneo lile linatakiwa lipumzike viazi, na nyanya pia kwa kuwa ni jamii moja, lipandwe mahindi au ngano, na mbegu itafutwe safi. Mzee alikuwa ameinama hadi pua inataka kugusa glasi. "Kumbe ndiyo huyu," akasema.

Kisha akanipeleka upande wa pili. Huko majani yalikuwa yamejikunja kwenda juu, magumu ukiyashika, na mimea imedumaa. Yapo mambo kadhaa yanayoweza kuleta hali ile na sikuwa na hakika ni lipi. Moyo ukaanza kwenda mbio: sasa hivi tu ameniona mtaalamu, naumbuka mbele ya wajukuu zake. Jibu la kujikinga lilikuwa limeshafika ulimini, "hali ya hewa hiyo, baba," na hakuna ambaye angenikamata. Nikasema, "Hili silijui, baba. Naomba nichukue majani niwaulize watafiti wa Uyole."

Akacheka. "Binti yangu, waliokutangulia walikuwa wanajua kila kitu, na viazi vyangu vilikuwa vinakufa vilevile."

Kituo cha utafiti pale Uyole waliniambia ni virusi vinavyoenezwa na wadudu wadogo waitwao vidukari, na kwamba viazi vya mashina yale ukivipanda msimu ujao unapanda na ugonjwa wake. Ndiyo maana wakulima hulalamika kuwa mbegu imechoka. Nikarudi nikamweleza, na leo nalifundisha. Lakini kilichobaki kichwani mwangu ni lile shamba lenyewe. Mtu yuleyule, asubuhi moja, alijua la huku na hakujua la kule, na la kule halikufuta la huku. Glasi ilikuwa bado iko juu ya tuta, na nyuzi zake.

Kwa hiyo ukiona hofu imepanda, iulize swali la shambani: ni kitu gani hasa nisichokijua? Mara nyingine lipo jibu, na lina jina. Mimi lilikuwa takwimu. Maafisa niliowafundisha walikuwa wananizidi kwenye Excel, na kila wakifungua kompyuta mimi natafuta sababu ya kutoka nje kupokea simu. Nikamwomba kijana anayesoma MUST, chuo kikuu cha pale Mbeya, awe ananifundisha jioni, kwa malipo ya kawaida na ugali wa nyumbani. Lile likaisha. Mara nyingine unauliza na jibu halipatikani, unabaki na ukungu tu wa "sistahili." Hapo usibishane nao. Chukua yale maelezo yako ya bahati uyapeleke kwa mwenzako: kama ni yeye aliyekwenda kata ile, akakaa, akaona wakulima wakibadilika, ungesema amebahatisha? Ungemwona mtu anayesema hivyo ana wivu.

Halafu ongea na wenzako. Clance na Imes wenyewe walipendekeza watu wa namna hii wakutane kwa vikundi, kwa kuwa ni rahisi kuona upuuzi wa hofu ya mwenzako kuliko ya kwako. Sisi hatukupanga kikundi. Ilikuwa jioni ya maonesho ya wakulima ya Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, mabanda yanafungwa, tumekaa juu ya kreti tunakunywa chai, mmoja akauliza kama ni yeye peke yake anayeomba wageni wasimfikie na swali fulani. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake. Mtaalamu wa mahindi ambaye mimi nilimwogopa alikuwa anakimbia maswali ya viuatilifu. Mimi nilikuwa naogopa parachichi, maana tangu zao hilo lipate soko, watu wa Rungwe na Njombe wanakuja hadi banda la viazi kuuliza habari za kubebesha miche. Tulicheka hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Mwaka uliofuata tulipanga zamu tukijua nani amwite nani.

Lakini ipo hali nyingine ambayo dawa yake haiko kwako. Wewe ndiye mkufunzi, unaingia ukumbini, mtu anakuagiza chai akidhani umekuja kuhudumu. Au kila ukitoa wazo kikaoni, mwanamume akilirudia ndipo linaandikwa. Au unaulizwa waziwazi ni nani aliyekuleta. Ukitoka hapo unajiona wa kuazima kiti, hilo umelishwa. Usikae kujichunguza nafsi kwa kosa la ofisi. Tafuta mtu mwenye sauti pale ndani, mwambie kilichotokea na siku kilipotokea, na mwenzako akifanyiwa hivyo useme hapohapo, usisubiri korido. Na kama hofu imefika mahali hulali, huli, unaanza kukwepa kazini, nenda ukamwone daktari kama ambavyo ungekwenda kwa mgongo.

Maafisa wapya wakiripoti kwangu siwapi hotuba ya kujiamini. Nawapa namba za simu: ya mtafiti mmoja wa Uyole, ya mkaguzi wa mbegu, ya mama mmoja mkulima anayeujua udongo wa kule juu kuliko sisi wote, na yangu. Nawaambia wiki ileile ya kwanza wanipigie na swali wanaloona aibu kuliuliza. Wasiponipigia, napiga mimi.