Bangkok: usiliruke dawati la afya

SWALI: Mwezi ujao natoka Entebbe kwenda Bangkok kwa wiki mbili. Viza ninayo tayari. Kipi kingine kinaweza kunikwamisha pale uwanjani? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Cheti cha homa ya manjano. Thailand hukidai kwa wanaotoka Uganda, na huanza kuwa halali siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Ulichanjwa zamani? Hakuna haja ya kurudia; tangu 2016 cheti hudumu maisha. Angalia tu jina lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi.

Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usifuate umati. Kabla ya uhamiaji kuna dawati la afya: jaza fomu, onyesha cheti, upigiwe muhuri. Wanaolipita hupanga foleni ya uhamiaji, na wakifika mbele hurudishwa nyuma waanze upya.

Ndani ya siku 3 kabla ya kufika, jaza kadi ya kuwasili kwenye tovuti ya uhamiaji ya Thailand. Ni bure, ukiombwa hela, umeingia kwa matapeli.

Beba dola za noti za 100, safi, zisizo na mikunjo. Noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini, kama huku kwetu. Teksi ya uwanjani huongeza baht 50 (baht ni pesa ya Thailand) juu ya mita. Dereva akikataa kuwasha mita, shuka. Na sigara ya umeme iache Mbarara, kule ni marufuku kabisa.