Ganzi ya mkono kwa ultrasaundi: pa kuanzia ukiwa hospitali ya wilaya

Mkuu uliyeuliza kuhusu kujifunza kuzuia mishipa ya fahamu kwa ultrasaundi, nimekusoma. Umesema uko hospitali ya wilaya upande wa Iringa, mashine iliyopo ni ya kliniki ya wajawazito, majeruhi wa bodaboda hawaishi, na wenzako wanakwambia ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, inatosha. Mimi niko idara ya usingizi hapa Mbeya na kazi hii naifanya mara kwa mara kwa wagonjwa wa mifupa. Inafaa sana, hasa kwa mgonjwa aliyeletwa usiku tumbo limejaa ugali: anabaki macho, anapumua mwenyewe, na akitoka thieta maumivu bado yamelala kwa saa kadhaa.

Tuanze na mashine. Probu (kile kishikio kinachowekwa kwenye ngozi) iliyopinda ya kuangalia mtoto tumboni hutumia mawimbi ya megahezi 2 hadi 5 hivi. Inaona mbali, ila mshipa wa fahamu ulio sentimita moja chini ya ngozi ya kwapa hautauona sawasawa. Unahitaji probu ya linia, yenye uso bapa, megahezi 6 hadi 15. Kabla hamjaomba mashine mpya, angalieni kama hiyo mliyonayo ina tundu la pili la probu. Mara nyingi lipo.

Ukishaipata, sindano iache kabatini kwanza. Weka jeli kwenye mkono wako mwenyewe, katikati ya kigasha, utafute neva (mshipa wa fahamu) ya mediani. Inaonekana na vidoti vyeusi ndani ya weupe, kama sega la nyuki. Inua probu kidogo, ilaze kidogo, utaona inapotea na kurudi. Hapo ndipo jicho linapofundishwa. Kisha ifuate kwenda juu, ipite kiwiko, mpaka kwapani, ukutane nayo pembeni ya ateri. Fanya hivyo kwa neva mbili nyingine za mkono, alna na radiali. Ile ya nne, maskulokutaneasi, haikai na wenzake. Huwa imejitenga ndani ya misuli, na ukiisahau mgonjwa atalalamika upande wa nje wa kigasha wakati daktari ameshashika kisu.

Sindano ifanyie mazoezi kwenye kipande cha nyama ya ng'ombe cha buchani, umepenyeza kano katikati. Sheria ninayowashikia vijana wetu ni moja: huoni ncha, husogezi. Kuona mwili wa sindano hakutoshi, maana ncha inaweza kuwa imeshapita mbele.

Sasa kuna jambo la kwapani ambalo napenda ulishike sana. Vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za pale ni laini, ukikandamiza probu kidogo tu zinabonyea na kutoweka kwenye skrini. Picha inakuwa safi, unafurahi, kumbe njia ya sindano inapita ndani ya vena usiyoiona. Hata ukivuta bomba damu inaweza isije, kwa sababu vena imefungwa. Kwa hiyo kabla ya kusukuma dawa, legeza mkono, uzione vena zikijaa, ndipo uvute. Kisha sukuma mililita moja na uangalie skrini: dawa lazima ionekane ikitandaza weusi kuizunguka neva. Usipoona kitu, simama. Yawezekana unaimwaga kwenye damu.

Dozi ipigie hesabu kabla hujavaa glavu. Bupivakaini, dawa yenyewe ya ganzi, mimi sivuki miligramu 2 kwa kilo, yaani mtu wa kilo 60 ni miligramu 120, sawa na mililita 24 za asilimia 0.5. Mgonjwa akisema midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma au mdomoni anasikia ladha ya chuma, dawa imeingia kwenye damu, acha hapohapo. Mafuta ya mshipani ya asilimia 20, ya kutibu sumu hiyo ya dawa ya ganzi, yawe chumba kilekile, siyo stoo: dozi ya kwanza ni mililita 1.5 kwa kilo. Kama hospitali yenu haina, hilo ndilo la kumbana nalo mganga mfawidhi kabla ya probu.

Huku kwetu kwenye baridi kuna dalili moja tamu. Mwezi wa saba mgonjwa anaingia vidole vya barafu. Ganzi ikianza kushika, kiganja kinapata joto na vena za mgongo wa mkono zinatuna, hata kabla hajasema hasikii. Mguse mikono yote miwili ulinganishe.

Tahadhari: kigasha kilichopondeka na kuvimba, zungumza na daktari wa upasuaji kwanza. Shinikizo likipanda ndani ya misuli, maumivu makali ndiyo huwashtua madaktari, na wewe utakuwa umeyazima.

Ganzi ya juu ya mfupa wa mtulinga usianze nayo, pafu liko jirani mno. Baada ya kwapa nenda kwenye neva ya paja: mwenye femari (mfupa wa paja) iliyovunjika atakaa kwa ganzi ya mgongo bila kupiga kelele. Na mara za kwanza uwe na anayeijua pembeni yako. Omba kibali uje hospitali ya rufaa, hapa Mbeya au hapo Iringa, ukae na timu ya mifupa wiki chache. Andika hapa aina ya mashine yenu, nikuelekeze kina na mwanga wa picha wa kuanzia.