Nikipinga dai la hakimiliki, mlalamikaji atanijua?

Swali: Habari za kazi, Wakili. Nina chaneli ya YouTube ya kuchambua filamu. Natumia jina la kubuni na sura yangu haionekani. Juzi video yangu imeondolewa kwa dai la hakimiliki, ingawa vipande nilivyoweka ni vya sekunde chache na juu yake nazungumza mimi. Nataka kupinga, lakini fomu inadai jina kamili na anwani. Huyo mlalamikaji, ambaye simfahamu, ataviona?

Jibu: Ataviona. Fomu hiyo inatokana na sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo DMCA. Kifungu cha 512 kinataka notisi ya kupinga iwe na jina lako, anwani, simu na saini, pamoja na tamko la kiapo kwamba video imeondolewa kimakosa. Tena unakubali kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani, hata kama huishi huko. Jukwaa hulazimika kumpelekea mlalamikaji nakala. Asipofungua kesi, video hurudishwa kati ya siku ya 10 na ya 14 za kazi.

Hofu yako ina msingi. Mwaka 2019 YouTube ilimshtaki mtu mmoja huko Marekani, ikidai alikuwa akituma madai ya uongo ili awatoze wenye chaneli fedha, na kwamba njia hiyo ilimpatia anwani ya mmoja wao. Kesi iliisha kwa makubaliano: alilipa dola 25,000 na kuomba radhi.

Kwa hiyo soma tena barua pepe uliyotumiwa. Kama ni dai la Content ID, yaani mfumo unaolinganisha picha na sauti, pinga humo humo ndani ya akaunti. Hatua ya kwanza haidai anwani, na mdai ana siku 30 za kujibu. Kama ni notisi ya kisheria, mwandikie kwanza mlalamikaji umwombe aondoe dai lake, kwa barua pepe isiyo na jina lako. Mkumbushe kesi ya Lenz dhidi ya Universal, iliyotokana na video ya sekunde 29 ya mtoto akicheza: mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema anayetuma notisi lazima kwanza afikirie kama matumizi yale ni halali. Lakini usiitegemee mno, maana kumtia hatiani aliyedanganya ni kazi ngumu.

Na hizo sekunde chache, hakuna idadi ambayo sheria inairuhusu moja kwa moja. Kinachokusaidia zaidi ni kwamba unachambua, na kwamba hukuchukua zaidi ya ulichohitaji.

Mlalamikaji akikataa kuondoa dai, pima thamani ya hiyo video. Onyo la hakimiliki, ambalo chaneli hupewa video ikiondolewa kwa notisi ya kisheria, huisha baada ya siku 90 ukimaliza somo fupi la YouTube kuhusu hakimiliki, na chaneli iko hatarini kufungwa yakifika matatu. Kama hili ni la kwanza, mimi ningeliacha lipite. Kama video ndiyo inayokulisha, tafuta wakili awasilishe notisi kwa niaba yako, na mweleze tangu mwanzo kwamba hutaki anwani ya nyumbani ionekane. Jina la uongo usiliandike kabisa: hapo mwenye kosa la kiapo utakuwa wewe.