Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeigawanya 4,294,967,297 kwa kila namba tasa hadi 500, na kila mara napata baki. Je, niandike kuwa ni namba tasa? Kama bado, kuna njia fupi ya kujua?

Jibu: Marahaba. Usiandike, maana si tasa: 641 × 6,700,417 = 4,294,967,297. Ulipoishia 500, zilikuwa zimebaki namba tasa 21 tu ufike kwenye 641.

Kuthibitisha utasa kwa kugawanya kunakudai ufike hadi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Hapa kipeuo hicho kinapita kidogo tu 65,536, na chini yake kuna namba tasa 6,542. Ndiyo maana inafaa kwanza kuichunguza namba imejengwaje, kabla ya kuanza kugawanya.

Hii ni 2³² + 1. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliziona 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa, akaamini na inayofuata, ambayo ndiyo hii yako, ni tasa pia. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha sivyo. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi hesabu 65, 129, 193 na kuendelea, kisha chuja zisizo tasa. Utabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Mara tano tu unagawanya, na umefika!

Uzuri zaidi, 641 inathibitika hata bila kikokotoo. Tazama:

641 = 5 × 2⁷ + 1
641 = 5⁴ + 2⁴

Mstari wa kwanza unasema 5 × 2⁷ ni pungufu ya 641 kwa 1, yaani kwa upande wa baki, ukigawanya kwa 641, ni sawa na −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Mstari wa pili unaruhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴. Unapata −2³² inabakiza 1, kwa hiyo 2³² + 1 haibakizi kitu.

Kuna na ushahidi mwingine ninaoupenda sana. Namba tasa haiwezi kuandikwa kwa njia mbili tofauti kama jumla ya vipeo viwili vya pili. Yako inaandikika hivi: 65,536² + 1², na pia 62,264² + 20,449². Hilo peke yake linatosha kuiondoa kwenye utasa, hata kama hujakijua kigawo chake kimoja.

Vigawo vyake vyote ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Kwamba 6,700,417 ni tasa, kathibitishe mwenyewe kwa sharti lile lile la 64. Anzia 641, na ukipita 2,588 simama.