Fulu fremu au kropu? Niliuza, nikajuta, nikanunua tena

Juzi saa sita usiku simu iliita mlio wa ujumbe. Ujumbe wa sauti, dakika tatu nzima, kutoka kwa kijana mmoja wa Morogoro niliyemfundisha kushika kamera akiwa bado mwanafunzi. "Shikamoo kaka, samahani kwa usiku huu. Nimejichanga, nataka nianze kupiga harusi. Sasa ninunue fulu fremu au kropu? Maana huku kila mtu ananiambia lake." Nikamjibu marahaba, kalale, kesho nitakuandikia. Kesho yake nilipoanza kuandika nikaona maneno hayaishi, nikaamua niyaweke hapa ili na wengine wanaoniuliza hilo hilo wasome.

Kwa ambaye haya majina ni mageni: hapa nazungumzia kamera za siku hizi zisizo na kile kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Tofauti iko kwenye sensa, kile kibao kinachopokea mwanga. Ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja kwenye ule mkanda wa zamani tuliokuwa tunapeleka studio kusafishwa. Ya kropu, ambayo kwenye boksi utaona imeandikwa APS-C, ina kama milimita 23.5 kwa 15.6, na kwa Canon inapungua kidogo tena. Ukipiga hesabu ya eneo, kubwa inaizidi ndogo mara mbili na ushee.

Mwaka 2019 nilinunua Sony A7 III, fulu fremu, ya mkononi (iliyokwisha kutumika), kwa hela ya kikoba, pamoja na lenzi ya 24-70 f/2.8. Hizo 24-70 ni milimita za mvuto, na f ni upana wa tundu la kuingizia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kamera gramu 650, lenzi gramu 886. Kilo moja na nusu hiyo, inaning'inia shingoni kuanzia saluni saa nne asubuhi hadi ukumbini saa sita usiku. Kazi zilitoka safi, sina ubishi. Shida ilikuwa siku ambazo hakuna harusi. Begi lilikaa juu ya kabati. Binti yangu alianza kutembea, na picha zote za siku ile nilipiga kwa simu, mimi mpiga picha mzima.

Jumamosi moja nikajilazimisha, nikaenda nayo soko la samaki la Feri asubuhi. Dalali alikuwa amesimama mbele ya fungu la vibua, anapandisha bei kwa ile kasi yao ambayo mgeni haambulii neno. Nikainua kamera. Akanyamaza. Wanunuzi wote wakageuka. Mmoja akauliza, "Unatoka gazeti gani?" Mwingine akataka ya soda. Nilirudi na picha ishirini za watu waliokasirika na kilo mbili za samaki nilizouziwa kwa bei ya mgeni.

Mwaka 2022 nikauza vyote. Nikachukua Sony a6400, ya kropu, na lenzi ndogo ya Sigma, 18-50 f/2.8. Kamera gramu 403, lenzi gramu 290, jumla hazifiki hata gramu 700. Ikawa inakaa kwenye mkoba wa laptopu, nasahau kama ipo. Nikarudi Feri, dalali yule yule, na safari hii hakunitazama mara mbili. Nikaenda Tanga kumsalimia mama, nikamkuta kwenye mbuzi anakuna nazi karibu na mlango wa uani, mwanga wa saa kumi unaingia kwa ubavu, machicha yanaangukia kwenye sinia. Nikapiga kama mara nane. Mama aliendelea kukuna na kuniuliza habari za wajukuu. Hiyo picha ndiyo iliyo ukutani kwangu mpaka leo, na mgeni hajawahi kuniuliza imepigwa kwa sensa gani.

Kwa hiyo nilitembea mjini nikiwaambia watu fulu fremu ni ushamba. Nilisema hivyo kwa miezi kama minne.

Kisha ikaja sendofu moja hapa hapa Dar. MC akapaza sauti, "Taa zizimweee!" Zikazimwa. Zikabaki za LED za zambarau pembeni ya jukwaa na tochi za simu za wageni, na maharusi watarajiwa wanaingia kwa kucheza. Niliweka shata (muda wa kupokea mwanga) 1/200 ya sekunde ili miguu isitoke na ukungu, f/2.8, na ISO, yaani kiwango cha kukuza mwanga, nikaiachia kamera ijipangie. Ikafika 6400, na bado picha zilitoka giza. Bwana yule ni mweusi tii, kavaa suti nyeusi, kasimama ubavuni kwa gauni jeupe linalong'aa. Kamera yoyote ukiiachia ijipimie yenyewe itaangalia lile gauni, itaona mwanga unatosha, itapunguza. Gauni likatoka zuri. Uso wa bwana ukawa shimo.

Kosa langu, nilipaswa kupima mwanga usoni kwake. Lakini kwenye kompyuta ndipo nilipoiona tofauti ya sensa kwa macho. Nikauvuta uso wake juu, yaani nikauongezea mwanga, zikatokea chenga, zile nukta nukta. Nikavuta tena, chenga zikaanza kuwa na rangi, zambarau kwenye shavu, kijani kwenye kidevu. Ningekuwa na ile kubwa niliyouza, ningevuta vile vile na uso ungekuja, na chenga kidogo za kuvumilika. Kwa tundu lile lile la lenzi na kasi ile ile ya shata, sensa kubwa inapokea kama stopu moja na robo zaidi (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kwa maneno mengine, ukipiga ISO 6400 kwenye fulu fremu, chenga zake ni kama za kropu iliyopigwa kwenye 2700 hivi. Mchana hutaona kitu. Nje ya kanisa saa tisa, weka picha za kamera zote mbili pembeni kwa pembeni, mimi mwenyewe nitakosea kuzitambua. Ila sisi watu wengi wetu ni weusi, sherehe zetu ni za usiku, na wapambaji siku hizi wanapenda giza. Hiyo stopu moja na robo inaangukia mahali pabaya kabisa, usoni kwa mwenye shughuli.

Sasa mdogo wangu, usikimbilie dukani. Kuna hesabu nyingine ambayo muuzaji hatakupigia.

Wengi wanaonunua fulu fremu kwa hela ya kubanabana, hela inaishia kwenye bodi, yaani kamera tupu bila lenzi. Wanabaki na lenzi iliyokuja ndani ya boksi, ile 28-70 ambayo inaanzia f/3.5, na ukivuta inajibana mpaka f/5.6. Mwenzako mwenye kropu akifunga lenzi ya milimita 30 yenye f/1.4, Sigma wanayo na ina gramu 265 tu, anakushinda gizani. Anakushinda waziwazi, kwa stopu moja na zaidi, na sensa yake ndogo hiyo hiyo. Milimita 30 kwenye kropu inaona kama 45 kwenye fulu fremu, upana mzuri tu wa kupiga watu wawili au watatu. Haivuti wala haisogei, kwa hiyo miguu yako ndiyo itakayosogea. Mimi laiti siku ile ya sendofu ningekuwa na lenzi hiyo, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Ongeza na flashi moja unayodundisha kwenye dari nyeupe, na nusu ya mjadala huu umeisha. Dari likiwa limefunikwa vitambaa vyeusi, hapo tuombeane.

Na kitu kimoja ambacho si cha sensa kabisa. A7 III ina nafasi mbili za kadi, a6400 ina moja. Nilidharau hilo. Kwenye harusi moja ya mchana, kadi ikafa kati ya kanisani na ufukweni. Nikaibadilisha nikaendelea, jioni nikahangaika na programu za kufufua faili, nikarudisha karibu zote isipokuwa picha kumi na kitu, na miongoni mwa zilizopotea ilikuwemo ya baba mzazi akimkabidhi binti yake. Nilirudisha hela. Mama wa bibi harusi aliniambia, "Mwanangu, hela tulikuwa nayo." Tangu siku ile sipokei harusi bila kamera inayoandika kadi mbili kwa mpigo. Zipo kropu zenye nafasi mbili, kama Fujifilm X-T4 na Canon R7, kwa hiyo usiniambie ni lazima uende fulu fremu. Ila kabla ya kuuliza megapikseli ngapi, fungua kile kimlango cha kadi uangalie.

Mwaka uliofuata nikanunua A7 III nyingine, ya mkononi tena. Ile ndogo sikuiuza.

Kuhusu macho ya wateja sitasema mengi, maana yananiudhi. Shangazi mmoja aliniuliza mbele ya kamati, "Ndiyo hako kakamera?" Nikachomeka flashi kubwa juu yake, akaridhika. Kamera ile ile.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni lenzi utakazoendelea kununua. Kwa Sony, mdomo wa kufungia lenzi ni mmoja kwa kropu na fulu fremu, basi ukianza na ndogo unaweza kununua baadhi ya lenzi za fulu fremu mapema na kuhama taratibu. Kinyume chake hakina faida. Ukifunga lenzi ya kropu kwenye A7 III, kamera inakata pembeni na megapikseli zako 24 zinabaki kama 10. Canon na Nikon nao wako hivyo hivyo kwenye mifumo yao mipya. Fujifilm, kwenye kamera zao za mfululizo wa X, ni kropu mwanzo mwisho. Ni kamera nzuri sana, rangi zake nazipenda kuliko za Sony, lakini ukitaka fulu fremu baadaye unauza kila kitu na kuanza upya.

Kama mawazo yako ni wanyama wa Mikumi, chukua kropu ulale usingizi. Lenzi ya Sony ya 70-350 ina gramu 625 na kwenye kropu inavuta kama 525. Kuupata mvuto huo kwenye fulu fremu, watu wanabeba ile 200-600 ya zaidi ya kilo mbili.

Ukinunua ya mkononi, na wengi wetu ndiko tunakonunua, nenda na tochi. Imulike lenzi kwa nyuma, uchungulie kwa mbele. Ukiona kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni fangasi. Unyevu wa pwani hii huistawisha sana, irudishe lenzi mezani hata kama bei ni tamu. Kisha bana tundu mpaka f/16, piga ukuta mweupe, uikuze picha utafute madoa ya sensa. Uliza kamera imeshabofywa mara ngapi. Shata ya A7 III imekadiriwa kufika mara laki mbili. Na iwashe uangalie menyu. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani zina lugha ya Kijapani peke yake, na hakuna fundi wa mtaani atakayekubadilishia kirahisi.

Kwako wewe wa Morogoro, nimekumbuka ulisema una harusi moja tu mkononi, ya Desemba, na bado hujui kama hii kazi utaiweza. Nunua kropu, ile lenzi ya 30 f/1.4, flashi na betri mbili za akiba. Desemba njoo Dar siku mbili kabla, tutakodi fulu fremu yenye kadi mbili na lenzi ya maana, uizoee kwangu hiyo Alhamisi, Jumamosi upige. Ya kukodi utaichaji kwenye bei ya mteja. Na usitumie shata ya kimya (ile ya kielektroniki isiyotoa mlio) kwenye taa za LED, unaweza kupata mistari kwenye picha, uanze kunipigia saa sita usiku.