Jibu: Feni ya kompyuta inaharibu rekodi ya babu

Habari ndugu. Nimekuelewa: unamrekodi babu akisimulia enzi za roketi za kwanza, na feni ya kompyuta inanguruma juu ya sauti yake.

Anza na vumbi. Hapa Mwanza wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku na kuishia ndani ya mashine. Nikifungua za wateja wa Kirumba nawakuta wameshikana na vumbi kwenye hitisinki, kile kipande cha chuma kinachopoza prosesa. Joto halitoki, feni inazidi kukimbia. Chomoa umeme, zuia mapanga kwa kidole yasizunguke, safisha kwa brashi laini. Kisha yazungushe kwa mkono. Yakikwaruza, beringi imekwisha, nunua feni nyingine. Kasha likiruhusu, chukua ya milimita 120 badala ya 80: inasukuma hewa ileile ikizunguka polepole, na kelele hushuka sana.

Kuhusu mdogo wako anayembishia babu juu ya siku na saa watu walipotua mwezini, mwambie babu yuko sahihi kabisa. Kwa saa zetu chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini Julai 20, 1969, saa 5:17 usiku, na mwanaanga Armstrong akakanyaga saa 11:56 alfajiri ya Julai 21. Mwache asimulie, kinasa sauti kikae karibu na mdomo wake.