Nafasi ya mbele ya geti ni ya nani? Maswali yenu kuhusu kuegesha mtaani

Niliomba maswali kuhusu kero za mtaani nikidhani mtaniletea muziki wa usiku na mbwa wasiofungwa. Mmeniletea magari. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yanaweza kumfaa mtu wa mji wowote, na pale sheria zinapopishana sana nimetaja mji au nchi yenyewe. Kibao kilichosimikwa mtaani kwako kina neno zito kuliko langu, kwa hiyo kakisome kwanza.

Nimeishi nyumba hii miaka mingi. Jirani wa upande wa pili ana magari matatu, na moja analiegesha kila siku mbele ya ukuta wangu. Nimemwambia alihamishe, anacheka tu. Nimshtaki wapi?

Huna pa kumshtaki, dada yangu, na pole kwa kukuambia bila kuzunguka. Hati ya nyumba huishia kwenye mpaka wa kiwanja. Lami iliyo nje ya hapo ni ya umma, na miaka uliyokaa haikuongezei hata futi moja. Kama hapo hapana katazo wala utaratibu wa vibali, na gari lake lina bima na usajili halali, ana haki ya kuegesha mbele ya ukuta wako sawasawa na wewe ulivyo na haki ya kuegesha mbele ya wake.

Ila ukuta si geti, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Nafasi huimiliki, lakini haki ya kuingia na kutoka unayo. Gari likiziba geti mambo hugeuka, maana karibu kila mji unalikataza hilo. Uingereza wanaangalia ukingo wa barabara: pale uliposhushwa ili gari lipande kuingia uani, anayeegesha bila ridhaa ya mwenye nyumba anaweza kuandikiwa faini na halmashauri. Huko huko utakuta mbele ya mageti mstari mweupe wenye ncha mbili zilizokunjwa. Watu huuona kama amri ya serikali, kumbe ni ombi tu. Mstari ule peke yake haumtozi mtu chochote.

Kuhusu magari matatu, usimwombe aache kabisa kuegesha upande wako. Hana sababu ya kukubali. Mwombe jambo dogo: lile linalotoka alfajiri likae kwako, lile linalolala siku tatu bila kusogea likae kwake. Ombi la namna hiyo mtu hulikubali bila kujiona ameshindwa.

Mtu mmoja mtaani ana debe la rangi alilolijaza zege, katikati amesimamisha bomba la chuma. Akitoka asubuhi analiburuta mpaka katikati ya nafasi, akirudi analisogeza. Naruhusiwa kulitoa?

Debe hilo halina nguvu yoyote ya kisheria. Tena mara nyingi mwenye kosa ni yeye, kwa kuweka kizuizi kwenye barabara ya umma. Hata hivyo sheria na desturi haziendi pamoja kila mahali. Chicago, mtu akitoa theluji kwenye nafasi kwa koleo, huweka viti vibovu, meza, hata ubao wa kupigia pasi, na mtaa mzima huheshimu. Wenyewe huita dibs. Kanuni za jiji haziruhusu, lakini jiji hufumba macho mpaka theluji inapopungua, kisha magari ya taka hupita kuzoa viti. Boston wameamua kuiwekea mipaka: unaweza kulinda nafasi uliyoichimba kwa saa 48 baada ya tangazo la dharura ya theluji kuondolewa, basi.

Jirani yako hajachimba theluji. Amechimba uvivu. Piga picha debe likiwa mahali pake, mara mbili tatu kwa siku tofauti, upeleke idara ya barabara ya mji wako uwaachie waliondoe. Usilivunje wala usilitupe, maana bado ni mali ya mtu. Ukilisogeza na kuegesha utakuwa sahihi kabisa kisheria, lakini kumbuka gari lako litalala nje usiku kucha, na huyo mtu ana funguo mfukoni.

Tunalipia kibali cha wakazi kila mwaka, stika iko kwenye kioo, na bado nazunguka mtaa nusu saa kutafuta pa kuegesha. Si wizi huu?

Si wizi, ingawa naelewa hasira. Ulichonunua ni ruhusa ya kutafuta, na idadi ya vibali haifungwi na idadi ya nafasi. Kibali kina kazi moja: kuwazuia wasiokaa hapo. Chimbuko la ubishi mkubwa kuhusu jambo hili ni kaunti ya Arlington, Virginia, ambako wafanyakazi wa maofisini walikuwa wakijaza mitaa ya makazi kuanzia asubuhi. Kaunti ikawapa wakazi kipaumbele, ikashtakiwa kwamba inabagua, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kufanya hivyo hakuvunji katiba. Ilikuwa dawa ya magari ya wageni. Wakazi wenyewe wakizidi, dawa hiyo haifanyi kazi.

Wakazi wakizidi kuna njia mbili, na zote zinauma. Ya kwanza ni bei. Donald Shoup, profesa wa Los Angeles aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake kueleza kwamba nafasi ya bure au ya bei ya kutupa lazima ijae, na kwamba bei sahihi ni ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila kipande cha mtaa, yaani magari yajaze kama asilimia 85. Pesa inayopatikana, alisema, irudi kwenye mtaa uleule: miti, taa, usafi. Old Pasadena, eneo la maduka karibu na Los Angeles, walianza kufanya hivyo mwaka 1993, na wenye maduka walioanza kwa kupinga mita za kulipia maegesho wakazikubali walipoona pesa yake inarudi kusafisha mitaa yao.

Ya pili ni Japani. Sheria yao ya mwaka 1962 inamtaka mtu athibitishe kuwa ana pa kuliweka gari, ndani ya kilomita 2 kutoka nyumbani, na polisi huhakiki kabla gari halijasajiliwa. Kuliacha barabarani mahali pamoja kwa zaidi ya muda wa saa 12, au muda wa saa 8 wakati wa usiku, ni kosa. Ndiyo maana mitaa yao myembamba inapitika. Mimi naipenda njia hiyo, ila nikiipendekeza mahali ambapo watu tayari wana magari mawili mawili nitapigwa mawe.

Wewe uliye na stika leo uliza jambo moja kwenye ofisi ya vibali: kila nyumba inaruhusiwa vingapi? Kama hakuna kikomo, au kibali cha tatu kinauzwa bei ileile ya cha kwanza, hapo ndipo pa kupelekea saini za majirani.

Gari la jirani halijasogea kwa miezi. Tairi zimekaa chini, majani yameota chini ya bampa. Tunafanyaje?

Kwanza bisha hodi. Si utaratibu wa heshima tu. Mara nyingi mwenye gari amelazwa, amesafiri, au gari ni la marehemu na ndugu hawajagawana.

Akiwa yupo na hajali, tafuta kikomo cha muda cha mji wako. San Francisco, Seattle na Los Angeles gari halitakiwi kukaa mahali pamoja kwenye barabara ya umma kupita saa 72. Kwingine hakuna kikomo kabisa, na gari lenye bima na usajili linaweza kuoza kwa amani. Ukipiga simu, taja namba ya gari, tairi zilivyo, na tarehe ya stika ya usajili kama inaonekana. Tairi zilizokaa chini, vioo vilivyovunjika na usajili uliokwisha ndivyo vinavyoligeuza gari lisilotumika kuwa gari lililotelekezwa, na hayo ni mafaili mawili tofauti.

Askari wa maegesho huthibitishaje kwamba gari halijasogea? Zamani kwa mstari wa chaki kwenye tairi. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Marekani, katika kesi ya mji wa Saginaw, ilisema kuchora chaki ni upekuzi unaogusa haki za mwenye gari. Mwaka 2022 mahakama nyingine ya ngazi hiyohiyo, katika kesi ya San Diego, ikasema hakuna tatizo. Njia isiyogusa kitu ni ya zamani pia: unaangalia valvu ya kujazia upepo imeelekea wapi, kama mshale wa saa, unaandika. Tairi la mbele valvu iko kwenye 4, la nyuma kwenye 11. Gari likitoka na kurudi, ni nadra sana valvu zote mbili kuangukia palepale.

Nikiwasha taa za hazadi naweza kusimama popote kwa dakika mbili?

Hapana. Taa za hazadi zinaonya wenzako kwamba kuna kizuizi. Hapo umewasha taa kutangaza kosa lako.

Barabara yetu ni nyembamba, kwa hiyo sote tunapandisha tairi mbili kwenye njia ya waenda kwa miguu ili magari yapite. Mzee mmoja anatulalamikia kila siku. Tunakosea wapi kama tunasaidia?

Mnawasaidia wenye magari kwa njia ya watu wasio na magari. Mzee yuko sahihi. London wamelikataza jambo hilo tangu sheria ya mwaka 1974, isipokuwa mitaa iliyoruhusiwa kwa kibao, na Uskoti halmashauri zimepata nguvu ya kutoza faini tangu Desemba 2023. Mwenye kiti cha magurudumu anayekuta njia imezibwa hana pa kukwepea ila kushuka barabarani, tena akitafuta kwanza pa kushukia. Asiyeona hugundua gari lenu kwa goti.

Chukueni futi kamba mkapime. Tuseme barabara ina mita 6. Gari la kawaida lina upana wa kama mita 1.8. Mkiegesha pande zote mbili mnabakiwa na mita 2.4, na gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5. Halipiti. Mkiegesha upande mmoja tu mnabakiwa na mita 4.2, na mwongozo wa ujenzi wa England kwa njia ya zimamoto unataka 3.7. Kwa hiyo upande mmoja, tairi zote nne chini, na mkibishana upande gani badilisheni kila mwezi. Ndiyo, nafasi zitapungua nusu. Hizo nusu nyingine hazikuwa nafasi.

Halmashauri ilichora nafasi ya walemavu mbele ya nyumba yangu baada ya mimi kuomba. Sasa mtu mwingine mwenye kadi anaitumia.

Kwa kawaida ana haki. Nafasi ya namna hiyo barabarani ni ya yeyote mwenye kadi halali, hata kama iliombwa na wewe. Baadhi ya miji hutoa nafasi yenye namba ya kibali cha mtu mmoja. Ulizia kama mji wako unayo. Kama mwenzako naye ana uhitaji huo, ombeni ya pili mkiwa wawili.

Nimeandikiwa faini, lakini kibao kilikuwa kimefunikwa na matawi ya mti. Nilipe au nipinge?

Pinga, lakini fanya kazi yako leo, kabla hawajaja kukata matawi. Piga picha ya kwanza ukiwa umesimama pale dereva anapokaa, kwa urefu wa macho yake. Ya pili iwe ya mbali, ikionyesha gari, mti na nguzo ya kibao kwa pamoja, maana picha ya majani peke yake inaweza kuwa ya mti wowote. Tembea pia mpaka mwanzo wa mtaa: kama kuna kibao kingine unachopita ukiingia, watakitumia dhidi yako. Andika kwa ufupi na uache matusi kwa aliyekuandikia. England anayelipa ndani ya siku 14 hulipa nusu, na halmashauri nyingi hukubakizia nusu bei hata zikikataa pingamizi, mradi uliwasilisha ndani ya siku hizo. Kibaya zaidi ni kuitia karatasi kwenye droo.

Niandike nini kwenye kikaratasi cha kumwachia aliyeziba geti langu? Nikianza kuandika naishia kwenye matusi.

Andika hivi: “Jirani, habari za leo. Gari lako limeziba geti letu, na mama anatoka kwenda hospitali saa 12 asubuhi. Tafadhali lisogeze, au nipigie kwenye namba hii hata usiku.” Weka saa, weka sababu, weka namba. Usitaje sheria mara ya kwanza. Ukishaitaja huna tena cha kumwongezea mara ya pili. Usibandike kwa gundi, na usiinue waipa ukaiacha imesimama. Ni ishara ya ugomvi, na hakuna asiyeielewa.

Asipojibu na unahitaji kutoka, piga simu kwa polisi au askari wa maegesho. Kulivuta mwenyewe gari la mtu au kulitoa upepo kunakuhamisha wewe kutoka kwa mlalamikaji hadi mshtakiwa.

Naweza kununua rangi ya njano nichore mstari mbele ya kwangu mwenyewe?

Hapana, na ukigundulika gharama ya kuufuta ni yako.